Nyota Tano, Visanduku Sita

Zoezi lenyewe ni fupi, na wengi hulipita mbio kwa sababu hiyo. Unapewa orodha ya alama ambazo wateja wameipa bidhaa fulani, kila alama ikiwa namba kuanzia 1 hadi 5. Andika programu itakayohesabu ni wangapi walitoa nyota moja, wangapi mbili, mpaka tano, kisha ichore chati ya pau kwenye skrini kwa vinyota vya kawaida vya kibodi. Hakuna zaidi. Anayejifunza lugha ya programu ya Java hukutana nalo, wa C hukutana nalo, wa Python vilevile, kwa kawaida pale anapofika kwenye somo la safu (array), yaani visanduku vilivyopangwa kwa mstari, kila kimoja na namba yake ya nafasi.

Mimi nalipenda kuliko mazoezi mengi ya ngazi hiyo. Ndani yake kuna hatua moja ya kufikiri ambayo mwanafunzi akishaivuka hawezi tena kurudi alikotoka, na hatua hiyo haiko kwenye kuchora kama wengi wanavyodhani. Iko kwenye mstari mmoja wa kuhesabu.

Anayeanza huandika hivi, na ni haki yake kuandika hivi:

for alama in maoni:
    if alama == 1:
        moja += 1
    elif alama == 2:
        mbili += 1
    elif alama == 3:
        tatu += 1

Na kadhalika mpaka tano. Programu inafanya kazi na majibu ni sahihi. Ukiona mtu anamcheka mwenzake kwa kuandika hivi, mpuuze. Hivi ndivyo sote tunavyohesabu kura kwa karatasi na kalamu, tunatazama, tunatambua, tunaweka mstari panapohusika. Tatizo huibuka mwalimu anapobadilisha swali kidogo tu: sasa alama ni kuanzia 1 hadi 10. Halafu 1 hadi 100. Hapo mwanafunzi anaanza kunakili na kubandika, na mahali fulani katikati ya nakala hizo anaongeza kwenye hesabu ya 47 kile kilichokuwa cha 46.

Sasa tazama hii:

hesabu = [0] * 6
for alama in maoni:
    hesabu[alama] += 1

Mstari wa kwanza unatengeneza visanduku sita, kila kimoja na sifuri ndani yake. Masharti yote yametoweka. Hakuna anayeiuliza alama ni ya ngapi, kwa sababu alama yenyewe ndiyo anwani. Ikija 4, inakwenda kisanduku cha 4 na kuongeza moja. Ikija 1, kisanduku cha 1. Kipimo kikipanda hadi 100, unabadilisha namba moja tu kwenye mstari wa kwanza, na kitanzi, yaani ile mistari ya for, hakiguswi.

Nimewaona watu wakiukodolea macho mstari huo wa mwisho kwa muda mrefu. Kinachowatatiza ni kwamba mpaka hapo wamezoea namba ya nafasi iwe kitu wanachokitawala wao, ile i inayotembea 0, 1, 2, 3 kwa mpangilio. Hapa namba ya nafasi inatoka kwenye data. Inaruka: 5, 1, 5, 3, 5, 2. Ukimwambia mwanafunzi achukue karatasi, achore visanduku sita vyenye sifuri, kisha aipitie orodha kwa kidole akibadilisha namba kwenye kisanduku kinachohusika, mara nyingi hafiki hata alama ya kumi kabla uso haujabadilika.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta. Kwenye sensa ya Marekani ya mwaka 1890, mashine za Herman Hollerith zilihesabu watu kwa njia hiyohiyo. Kila mtu alikuwa na kadi yake iliyotobolewa matundu kulingana na majibu yake. Karani aliilaza kadi kwenye mashine na kushusha mpini wenye sindano nyingi. Palipokuwa na tundu, sindano ilipenya na kuchovya kwenye kikombe kidogo cha zebaki, mkondo wa umeme ukapita, na saa ya kuhesabia iliyounganishwa na tundu lile ikasogea hatua moja. Mashine haikuhitaji kujua tundu lina maana gani. Mahali tundu lilipo ndipo palipoamua saa ipi isogee. Ukiondoa zebaki, kilichobaki ni hesabu[alama] += 1.

Bila shaka umeshajiuliza: kwa nini visanduku sita wakati nyota ni tano?

Kwa sababu Python, kama C na Java, huanza kuhesabu nafasi kutoka 0. Safu yenye visanduku vitano ina nafasi 0, 1, 2, 3 na 4, na nafasi ya 5 haipo. Kuna lugha zinazoanzia 1, kama Fortran, Lua, R na Julia, na mabishano ya nani ana haki hayajawahi kwisha. Mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra aliandika waraka mfupi mwaka 1982 akitetea sifuri; hoja yake ilikuwa kwamba safu ya vitu N ikianzia 0, mipaka yake inaandikika vizuri: kuanzia 0, chini ya N. Nakubaliana naye kwenye mambo mengi, lakini nyota za wateja hazijasoma waraka wake. Zinaanzia 1.

Kwa hiyo una njia mbili. Ya kwanza ni kutengeneza visanduku sita na kukiacha cha 0 kikae bure. Ya pili ni kutengeneza vitano kamili na kupunguza moja kila mara: hesabu[alama - 1] += 1. Waalimu wengi huipendelea ya pili kwa sababu haipotezi nafasi. Mimi huwaambia wanaoanza wachukue ya kwanza, na sababu yangu haihusu urahisi wa kusoma peke yake.

Chukua mteja ambaye hakujaza alama, na fomu ikaandika 0 badala ya kuacha wazi. Jambo hili ni la kawaida kabisa. Kwa njia ya pili, 0 ukipunguza 1 unapata -1. Katika Java programu ingesimama papo hapo na kulalamika kwamba umetoka nje ya safu. Katika C hakuna anayekagua. Ungeandika juu ya kumbukumbu ya jirani na kuondoka, na matokeo yake yangejitokeza popote pale. Lakini Python ina adabu yake: nafasi ya -1 ina maana ya kisanduku cha mwisho. Na kisanduku cha mwisho, kwenye safu ya vitano, ni cha nyota tano.

Rudia kusoma hapo. Mteja ambaye hakusema lolote anahesabiwa kuwa ameridhika kupita wote. Hakuna ujumbe wa hitilafu, hakuna onyo, na jumla ya hesabu inalingana na idadi ya wateja, kwa hiyo hata ukijumlisha kuhakiki hutaona kitu. Bidhaa inapanda chati kwa nguvu za walionyamaza. Kwa visanduku sita, sifuri ileile inaangukia kisanduku cha 0, na kile kisanduku kilichoonekana cha bure kinakuwa cha wasiojibu. Ukikichapisha unajua ni wangapi.

Hata hivyo visanduku sita havikuokoi na kila kitu. Ikija -1 halisi kwenye data, itaangukia palepale kwenye nyota tano. Ikija 6, programu itakatika. Ndiyo maana ukaguzi hauepukiki, na Python inakuruhusu kuuandika karibu kama unavyouwaza: if 1 <= alama <= 5. Kinachofeli ukaguzi usikitupe; kipe hesabu yake pembeni. Jambo jingine, alama zikisomwa kutoka kibodi au faili huja kama maandishi, na "5" ya maandishi haiwezi kuwa nafasi ya kisanduku mpaka uigeuze kwa int. Hilo hujieleza lenyewe kwa sababu Python italalamika.

Nusu nyota? Zidisha kwa mbili. Alama ya 4.5 inakuwa 9.0, unaigeuza kwa int kuwa 9, unatengeneza visanduku kumi na kimoja, na kila kitu kinaendelea kama kawaida. Nusu huhifadhika kwa usahihi kamili kwenye namba za kompyuta, kwa hiyo hapa huna haja ya kuogopa. Zikija alama kama 4.1, huo ni mjadala mwingine, na ni heri uzidishe na kukadiria kwa uangalifu kabla ya kuigeuza kuwa nafasi.

Sasa chati. Toleo la kulala ni mistari miwili (range hapa inashuka kutoka 5 hadi 1):

for nyota in range(5, 0, -1):
    print(nyota, "|", "*" * hesabu[nyota], hesabu[nyota])

Python ina zana iitwayo Counter, ambayo ingehesabu kila kitu kwa mstari mmoja. Anayeijua huitumia na sina ugomvi naye. Ila kuna mtego ambao hunasa watu wengi: ukizunguka juu ya vilivyomo ndani ya Counter, unapata alama zilizotokea tu. Kama hakuna mteja aliyetoa nyota mbili, mstari wa 2 hautachapishwa kabisa, na chati itaruka kutoka 3 hadi 1 kana kwamba hizo mbili ni majirani. Msomaji anayepitisha jicho haraka hatagundua pengo. Mstari mtupu ni taarifa. Lazima uchapishwe ukiwa mtupu. Dawa ni kuzunguka juu ya range(5, 0, -1) kama hapo juu, na kuiuliza Counter alama moja moja. Isiyokuwepo inajibiwa kwa 0 bila matata.

Nina sababu ya kupenda vinyota kuliko maktaba za kuchorea, yaani programu za chati zilizoandikwa tayari na wengine, walau kwa wanaoanza. Maktaba inakuamulia mambo. Inaweza kuanzisha mhimili kwenye 900 badala ya 0, na tofauti ndogo ikaonekana kama mlima na bonde. Kinyota hakiwezi kudanganya hivyo: mtu mmoja kinyota kimoja, kuanzia ukingoni. Chati za pau zenyewe zilianza kwa shida ya data. William Playfair, katika kitabu chake cha mwaka 1786, alichora biashara ya nchi nyingine kwa mistari inayofuata miaka, lakini kwa Scotland alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu. Hakuwa na mstari wa kuchora, kwa hiyo akaweka pau, mbili kwa kila nchi iliyofanya biashara na Scotland, moja ya bidhaa zilizoingia na moja ya zilizotoka, na hakuiona kuwa kazi yake bora. Ndiyo tunayoiga leo tunapochapisha vinyota.

Lakini mtu mmoja kinyota kimoja huvunjika wateja wakiwa wengi. Tuseme hesabu ni 1,240 kwa nyota tano, 310 kwa nne, 62 kwa tatu, 20 kwa mbili na 155 kwa moja. Mstari wa vinyota 1,240 utajikunja kwenye skrini mara nyingi na chati itakuwa kichaka. Inabidi upunguze: pau ndefu kuliko zote ipewe vinyota 40, na nyingine zipimwe kwa hiyo.

kubwa = max(hesabu[1:])
urefu = hesabu[nyota] * 40 // kubwa

Nyota tano inapata vinyota 40, nne inapata 10, tatu inapata 2, moja inapata 5. Na mbili? 20 mara 40 ni 800. Gawanya kwa 1,240, unapata 0.645, na ile alama ya // inatupa sehemu yote iliyo baada ya nukta. Sifuri. Watu 20 wamefutika kwenye chati. Kwa macho, hakuna tofauti kati yao na mstari ambao haukupata mtu.

Ukitumia round utapata 1, na kwa mfano huu mambo yatakwenda sawa, ila ujue kwamba round ya Python 3 hupeleka nusu kamili kwenye namba shufwa iliyo karibu: round(2.5) ni 2, na round(0.5) ni 0. Mimi nina kanuni rahisi zaidi: aliyehesabiwa angalau mara moja apate angalau kinyota kimoja, hata kama kipimo hakimstahili. Ni udanganyifu mdogo wa urefu, na nauona bora kuliko kumfuta mtu. Halafu andika namba halisi mwishoni mwa pau, ili anayetaka kujua asihesabu vinyota. Na kama bado hakuna mteja hata mmoja, kubwa ni sifuri na programu itakufa ikijaribu kugawanya. Kagua hilo kwanza.

Toleo la kusimama ndilo linalowatoa watu jasho. Pau zinapanda kutoka chini, lakini skrini inachapa kutoka juu kwenda chini, na mstari ukishachapwa huwezi kurudi kuujaza. Wanafunzi wengi hujaribu kuchora pau moja hadi iishe kisha inayofuata, na hawafiki popote. Geuza swali. Anza na ngazi ya juu kabisa, na kwa kila pau uliza: je, umefika hapa?

for ngazi in range(max(hesabu[1:]), 0, -1):
    for nyota in range(1, 6):
        print("*" if hesabu[nyota] >= ngazi else " ", end=" ")
    print()

Kila kinyota kinaamuliwa na swali moja la ndiyo au hapana, na hakuna pau inayohitaji kujua habari za jirani yake.

Waalimu huongeza kipengele cha mwisho: toa wastani. Hapa ndipo chati inapolipa gharama zake. Hizi ni bidhaa mbili, kila moja imepata alama 20:

5 | ******** 8
4 | * 1
3 | ** 2
2 | * 1
1 | ******** 8

5 | * 1
4 | **** 4
3 | ********** 10
2 | **** 4
1 | * 1

Jumlisha: zote mbili zinatoa 60. Wastani wa zote mbili ni 3.0 kamili. Ya pili ni bidhaa ya kawaida ambayo karibu kila mtu ameiona ya wastani au karibu na hapo. Ya kwanza karibu haina wateja wa wastani. Ina wanaoipenda na wanaoichukia, na huenda nusu ya mzigo ulitoka kiwandani na kasoro. Ukichapisha 3.0 peke yake umemnyima mnunuzi jambo pekee alilohitaji kulijua. Mtakwimu Francis Anscombe alionyesha kitu cha aina hiyo mwaka 1973 kwa seti nne za data zenye wastani uleule ambazo zikichorwa hazifanani hata kidogo.

Kuna pingamizi la ndani zaidi dhidi ya wastani wa nyota. Mwanasaikolojia Stanley Smith Stevens, katika makala ya mwaka 1946, alitofautisha vipimo vinavyopanga tu na vile ambavyo nafasi kati ya ngazi zake ni sawa. Nyota zinapanga. Nne ni bora kuliko tatu, hilo halina ubishi, lakini hakuna aliyethibitisha kwamba safari ya mteja kutoka 1 hadi 2 ni ndefu sawa na kutoka 4 hadi 5. Tunapojumlisha na kugawanya tunachukulia kwamba ni sawa. Thamani ya katikati (median), yaani alama ya mteja aliye katikati wote wakipangwa kwa alama, haihitaji dhana hiyo, na ukiwa na visanduku vyako huipati kwa kupanga orodha upya: anza kisanduku cha 1, jumlisha ukipanda, simama unapofika nusu ya wateja. Ni mistari minne, na haijali kama wateja ni 20 au milioni.

Chati ya kwanza kati ya zile mbili hapo juu, yenye uzito kwenye ncha, haikubuniwa kwa ajili ya zoezi. Wasioguswa na bidhaa kwa kawaida hawasumbuki kuandika. YouTube walitangaza mwaka 2009 kwamba sehemu kubwa ya alama walizopokea ni nyota tano, na mwaka uliofuata wakaziacha nyota na kuweka kidole gumba. Netflix nao walifanya hivyo mwaka 2017. Kwa programu yetu, kidole gumba ni safu ya visanduku viwili.

Ukimaliza yote haya na bado una hamu, ongeza bidhaa. Sasa alama inakuja na namba ya bidhaa, na anwani ina sehemu mbili: hesabu[bidhaa][alama] += 1. Wazo ni lilelile, limepata ghorofa. Kwa bidhaa tatu, wengi huandika hivi:

hesabu = [[0] * 6] * 3

Inaonekana sawa, na ukiichapisha ikiwa tupu utaona safu tatu za sifuri kama ulivyotaka. Kumbe Python imetengeneza safu moja tu na kukupa majina matatu ya kuiitia. Kila alama ya bidhaa yoyote inaongezwa kwenye visanduku vilevile. Hapa tena hakuna ujumbe wa hitilafu utakaokuja kukusaidia, lakini chati itakuambia mara moja: zitatoka chati tatu zinazofanana kinyota kwa kinyota, kila moja ikiwa na wateja wa zote tatu. Andika [[0] * 6 for _ in range(3)], endesha tena, na zitaachana.